Mzee wa Kiti cha Nyuma

Wanaosema mambo haya hutokea usiku wa manane, makaburini, paka mweusi akilia, leo watanisamehe. Yangu yalinitokea alasiri, jua likiniunguza shingo, mkononi nina koleo la kugeuzia samaki na mbele yangu jiko la mkaa linawaka vizuri tu. Sikuwa nimelala, sikuwa nimekunywa, homa sikuwa nayo. Na kama unaona natunga, njoo Mkuyuni uulizie mama anayepika kwenye boti, watakuleta mpaka kwangu, nikuonyeshe mto wa kiti ambao haujakauka mpaka leo. Ndiyo, haujakauka. Tulia, tutaufikia.

Kazi yangu ndiyo hiyo, napika kwenye boti. Boti ni ya shemeji yangu Masanja, mdogo wake mume wangu, na yeye ndiye nahodha. Anaikodisha kwa watu wanaotaka kustarehe ziwani wao kwa wao, bila kubanana na wasiowajua. Mnapanda, mnazungushwa kupita yale mawe makubwa ambayo kila mgeni lazima ayapige picha, mnasimamishwa mahali maji yametulia, mnakula sato aliyetoka kwenye mkaa muda huohuo, mnakunywa soda au bia iliyolala kwenye barafu, na jua likianza kushuka mnarudishwa. Wengine wanakuja kusherehekea kuzaliwa, wengine kumuaga mwenzao wa kazini, na wengine, tuseme tu ukweli, wanakuja na watu ambao nyumbani hawajulikani. Mimi sina neno na mtu. Mimi na samaki wangu.

Naomba uielewe boti ilivyo, maana bila hivyo hutanielewa. Mbele kabisa kuna usukani, Masanja anakaa hapo akitazama anakokwenda. Katikati kuna mabenchi mawili marefu yanayotazamana, moja kushoto, moja kulia, na meza katikati. Jiko langu liko ubavuni, karibu na deli la kupozea vinywaji. Nyuma kabisa kuna kibenchi kifupi kinachokatisha, kina mto wa buluu, mtu akikaa hapo anawaona wote na wote wanamwona. Hicho ndicho ninachokiita kiti cha nyuma.

Basi siku moja Masanja akaniambia tuna posa. Nikamwuliza, posa kwenye boti? Akacheka, akasema bwana harusi mwenyewe ndiye aliyeomba. Kijana anaitwa Majura, fundi umeme, anakaa Buswelu, kwao ni Ukerewe kule kisiwani. Binti ni Minza, anauza duka la dawa hukohuko Buswelu, kwao ni Magu. Wamependana mpaka basi, wazazi wa pande zote hawana tatizo, shida ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa bibi yake Minza, mama mzaa baba. Huyo bibi akisikia neno Ukerewe anainuka alipo, anaingia ndani, anafunga mlango. Wazee wa Majura walikwenda Magu wakafungiwa mlango. Wakarudi tena, wakafungiwa tena. Na baba yake Minza, Mzee Shija, ni mtu mzima mwenye ng'ombe wake na heshima yake, lakini kwa mama yake ni mtoto. Alisema wazi kwamba mama asipokubali, hapokei kitu cha mtu.

Sasa Majura akawaza. Nyumbani bibi anainuka anaingia ndani. Kwenye boti atainuka aende wapi? Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kijana ana akili za kiumeme kweli, kaona akate njia zote moto usipite.

Nilichoshangaa ni kwamba bibi alikubali kuja. Minza aliniambia baadaye kwamba alimpigia magoti, akamwambia bibi, njoo tu ule samaki, ukikataa tena ukiwa ziwani sitakusumbua maisha yangu yote, nitamwacha. Na hakuwa anatania, mtoto wa watu alikuwa amekonda. Bibi akamtazama, akasema atakuja, si kwa ajili ya samaki. Anataka alione hilo ziwa usoni.

Walifika kwenye gati wamependeza. Upande wa Majura walikuwa na baba yake, shangazi zake, na msemaji wao Mzee Magesa, mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani. Upande wa Minza walikuwa Mzee Shija, mke wake, ndugu wachache, na Bibi Mbuke mwenyewe. Nilitegemea kuona simba. Nikaona kikongwe kidogo, kimejifunga khanga mbili safi, kimeshika fimbo. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Akaniitikia marahaba mwanangu, akauliza kama maji ya leo ni mabaya. Nikamwambia yametulia. Akasema, hata siku ile yalikuwa yametulia. Sikumwelewa, nikamshika mkono akapanda.

Wakakaa kama watu wa posa wanavyokaa. Wakerewe benchi la kushoto, Wasukuma wa Magu benchi la kulia, magoti yanakaribia kugusana chini ya meza lakini kila mtu anatazama juu ya kichwa cha mwenzake. Bibi alikaa mwisho wa benchi lao, karibu na nyuma, akaugeuzia mgongo mkutano wote, akawa anatazama maji. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Nakuapia kilikuwa kitupu, maana niliweka hapo kapu langu la nyanya, kisha nikaliondoa nikalisogeza chini.

Tukaondoka. Masanja akapita kwenye mawe, ndege wale mnandi wamejaa juu yake wanakausha mabawa, watu wakapiga picha kidogo, ubaridi ukapungua. Akatupeleka mbali kidogo, upande ambao ukitazama unaona ghuba inafunguka kuelekea Magu, akazima injini. Mimi wakati huo nilikuwa nimeinamia jiko, moshi umenijaa machoni. Nilipoinua kichwa nikajifuta na upande wa khanga, nikamwona mzee amekaa kiti cha nyuma.

Mzee kabisa. Mvi kichwa kizima, kaptula ya kaki ya kizamani, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Ametulia, mikono magotini, kama mtu aliyekuwepo tangu mwanzo. Nikajisemea, ee, huyu nilimpita pale gatini bila kumwamkia, aibu gani hii. Nikamwendea haraka na jaketi la kuokolea, maana wote walikuwa wamevaa isipokuwa yeye. Shikamoo babu. Marahaba. Babu, vaa hili tafadhali, ndiyo sheria ya boti. Akaniangalia kwa huruma, akacheka, meno yote yapo.

“Hilo mpe anayeogopa maji, binti yangu,” akasema. “Mimi nimeshazoea.”

Utaniuliza, kwa nini hukumwuliza yeye ni nani? Na mimi nakuuliza, wewe ungemwuliza? Kwetu huku mtu mzima haulizwi jina kama mtoto aliyepotea sokoni. Unamwamkia, unampa kiti, unampa chakula, jina litakuja lenyewe. Na siku ya posa ndiyo kabisa. Ukimwuliza mzee wa upande wa pili, kwani wewe ni nani, umeshavunja posa, kusanyeni vitu vyenu mwende nyumbani.

Basi nikaanza kunawisha watu. Desturi ni kuanza na mkubwa kuliko wote, na mkubwa alikuwa yeye, labda na bibi. Nikaenda na jagi na beseni. Maji nilikuwa nimeyapasha, ya uvuguvugu mzuri. Alipotoa mikono nikaona vidole vyake vyeupe nchani, vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda anafua. Nikammiminia. Na hapa naomba uniamini, maana hapa ndipo watu hunicheka. Maji yalitoka kwenye jagi yana joto, yakapita kwenye mikono yake, na yalipodondoka kwenye beseni yakanirukia mguuni, yalikuwa ya baridi. Baridi ile ya ziwa alfajiri. Lakini nilikuwa na samaki jikoni wanaungua, na ukishakuwa mpishi, samaki akiungua hata malaika atasubiri.

Nikapakua. Sato wa kuchoma, ugali, wali kwa wanaotaka wali, kachumbari, pilipili pembeni. Nikiwa napita, Mzee Shija akanivuta khanga, akaninong'oneza kwamba yule mzee wa wakwe nyuma pale nimwangalie vizuri, nimpe kipande kikubwa, wasije wakasema Wasukuma wana dharau. Nikasema sawa. Sijafika mbali, Mzee Magesa naye akaniinamia, na ile sauti yake akijaribu kuipunguza, akaniambia yule mzee wa upande wa binti asisahaulike, huyo ndiye mkubwa wao, tukimpata huyo tumepata yote.

Hebu fikiria. Nilisikia yote mawili kwa masikio haya, na bado sikushtuka. Nikadhani mmoja wao kachanganya tu, posa ina watu wengi na majina mengi. Nikampa yule mzee sahani ya heshima ya pande mbili.

Akaikataa nusu yake. Minofu akasema wape wenye haraka, yeye nimpe kichwa. Nikampa kichwa cha sato mkubwa kuliko wote. Weee, huyo mzee alikula. Sijawahi kuona mtu anakula kichwa cha samaki kwa adabu vile, anafungua shavu, ananyonya jicho, anapanga mifupa pembeni ya sahani mmojammoja, halafu anafumba macho kidogo. Akaniambia ni muda mrefu hajala samaki aliyepikwa. Nikafurahi, mpishi anapenda kusifiwa. Sikulisikiliza vizuri lile neno la mwisho.

Watu wakashiba, soda zikashuka, bia zikashuka, utani ukaanza kuvuka meza. Shangazi mmoja wa Kikerewe akamsifia mama yake Minza kitenge, mama yake Minza akauliza huko kwenu vinapatikana. Unajua tena, vitenge vikishaanza kuongelewa amani iko karibu. Mzee Magesa akaona ndiyo saa yake. Akasimama, akakohoa, akasema maneno mazuri, kwamba wameona ua kwenye boma la Magu na wanaomba wakalitunze Ukerewe.

Neno likatajwa. Bibi Mbuke akashika fimbo yake, akainuka, akatazama kushoto, maji, akatazama kulia, maji. Bibi akakaa tena polepole, lakini bado mgongo ameugeuzia watu.

Akaanza kuongea akilitazama ziwa. Alisema alikuwa msichana, ameolewa na mume wake wa kwanza na wa mwisho, anaitwa Mabula, na ana mimba ya huyu Shija. Mimba ile ilimkataza kila chakula, ulimi ulitaka machungwa tu. Na machungwa matamu ni ya Ukerewe. Mabula akapakia mchele kwenye mtumbwi, akavuka kwenda kubadilishana. Ziwa limetulia. Hakurudi. Mtu mmoja akaja akasema amemwona kisiwani kwenye gulio, anacheka na mwanamke. Mwingine akasema ameoa huko. Mwingine akasema ana watoto tayari. Ndugu zake Mabula walikwenda kumtafuta, hawakumpata, wakarudi wamenuna, wakasema mtu mzima akitaka kujificha utamfanya nini.

“Nimeitwa mke aliyekimbiwa mpaka nimezeeka,” akasema. “Kwenye misiba wajane wana mkeka wao, mimi sijui nikae wapi. Mke si mke, mjane si mjane. Ukerewe ilinichukulia mume nikanyamaza. Leo mnataka niwape na mjukuu?”

Mzee Magesa alikuwa bado amesimama, akakaa bila kujua amekaa. Mzee Shija kainamisha kichwa, na Minza machozi yanamdondokea kwenye sahani, hayafuti. Nikajua hapa hakuna posa tena. Nami nilikuwa nimeshaanza kumpenda yule binti, roho iliniuma kama wangu. Nikashika koleo nikageuza makaa yasiyo na samaki, ilimradi nifanye kitu.

Ndipo yule mzee wa kiti cha nyuma akaweka chini mfupa aliokuwa akinyonya. Akajifuta mdomo. Akaita, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwita mwenzake aliye naye chumba kimoja.

“Ng'wana Luhende.”

Kwa Kisukuma hiyo ni kusema, binti wa Luhende. Mimi sikujua Luhende ni nani. Wakerewe hawakujua. Minza aliniambia baadaye hata yeye hakujua, maana bibi kila mtu anamwita Bibi Mbuke au Mama Shija. Luhende alikuwa baba yake bibi, amekufa siku nyingi, na aliyekuwa akimwita bibi kwa jina hilo alikuwa mtu mmoja tu. Nikaona mgongo wa bibi unanyooka.

“Mumeo hakukukimbia,” yule mzee akasema. “Alikuwa anarudi. Yule mwanamke aliyeonekana anacheka naye ndiye aliyemuuzia machungwa. Alicheka kwa sababu Mabula alimwambia mke wake anakula machungwa mpaka maganda. Upepo ulimkuta akiwa ameshaona moshi wa jiko lako.”

Bibi akageuka. Ndiyo mara ya kwanza anamtazama, na alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Akamtazama sana. Uso wake sitausahau, ulilegea, ukawa wa msichana, kisha ukarudi kuwa wa kikongwe. Hakupiga kelele, hakuuliza wewe nani.

“Na machungwa?” akauliza.

“Yapo,” mzee akajibu.

Basi. Bibi akajifunga khanga yake vizuri, akauelekea mkutano kwa mara ya kwanza tangu tuondoke gatini, akamwambia mwanawe, Shija, pokea posa ya hawa watu, mtoto aolewe.

Mama yangu. Vigelegele vilivyopigwa vilifukuza mnandi kwenye mawe. Wakerewe wakainuka, Wasukuma wakainuka, wakakumbatiana juu ya meza, soda zikamwagika, boti ikalala upande, Masanja akageuka huko mbele akifoka watu wakae, watatuzamisha na furaha yao. Wakakaa wanacheka. Minza amemng'ang'ania bibi yake shingoni. Na mimi, nikiwa nacheka na kulia pamoja, nikatazama nyuma nimpongeze yule mzee, nikakuta kiti kitupu.

Nikapiga ukunga, mzee ameanguka majini. Masanja akawasha injini, akaizungusha boti, sote tumening'inia pembeni tunatazama maji. Maji yametulia, hata kiputo hakuna. Mzee Shija akamgeukia Mzee Magesa, akamwambia mzee wenu hakuvaa jaketi, jamani, mzee wenu. Mzee Magesa akamtazama. Mzee wetu? Si wenu? Akasema wao walimwona ameshakaa, wakajua ni mkubwa wa Magu. Shija akasema wao walijua ni mkubwa wa Ukerewe. Shangazi wa kushoto akaapa kwamba hakumwona akipanda. Mama yake Minza akaapa hivyohivyo. Wote wakanigeukia mimi, nami nikamgeukia Masanja, na Masanja akasema yeye alikuwa anatazama mbele, lakini gatini hakuna mzee wa kaptula aliyepita mbele yake.

Watu walioshiba na kucheka sasa hivi, wote wanatazama mto wa buluu. Ulikuwa umelowa chapachapa, maji yanachuruzika mpaka chini.

Aliyesema ni bibi, na alikuwa ametulia kuliko sisi sote.

“Msimtafute,” akasema. “Mtu hazami mara mbili.”

Kisha akaomba nitazame chini ya kile kiti. Mimi? Nilitaka kumwambia atazame mwenyewe, lakini utamkataliaje bibi wa watu. Nikapiga magoti, nikapeleka mkono palipokuwa na kapu langu la nyanya. Nikagusa kitu cha mviringo, baridi. Machungwa. Mazuri, ya kijani yenye unjano kidogo, na majani yake bado yako kwenye vikonyo, yamelowa maji. Mimi siku hiyo nilikuwa na nanasi na tikiti tu. Machungwa sikununua, na kila aliye kwenye ile boti aliulizwa, hakuna aliyekuja nayo.

Bibi akapokea moja, akalimenya kwa kucha zake palepale, akala. Akala na ganda lake, anatafuna anacheka huku machozi yanamtiririka. Mtu mwingine yeyote angetisha. Yeye alipendeza. Tukabaki tunamtazama akila machungwa yake kama mjamzito.

“Aliondoka hana mvi hata moja,” akatuambia. “Mmeziona zile mvi? Kumbe tulikuwa tunazeeka wote.”

Mzee Shija, yule mtu mzima mwenye ng'ombe wake, akalia kama mtoto. Amezaliwa hajamwona baba, kaja kumwona siku moja, na siku hiyohiyo kaniagiza nimpe kipande kikubwa akidhani ni mkwe. Akaanza kucheka katikati ya kilio, akasema angalau alimlisha. Mzee Magesa akamshika bega, wakakaa benchi moja, na tangu hapo mpaka gatini sikujua tena nani Mkerewe nani Msukuma. Tulirudi jua linaingia, tumetulia, kila mmoja na mawazo yake, na hofu yote imetutoka. Sijui kwa nini. Mtu amekaa na mfu, amemnawisha mikono, halafu anarudi nyumbani moyo mweupe? Ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya hapo Bibi Mbuke aliweka matanga Magu. Niliitwa kupika. Matanga ya mtu aliyezama kabla mwanawe hajazaliwa, watu walikuja kushangaa, wakaondoka wamelia. Mkeka wa wajane ulitandikwa, na bibi akaenda akakaa katikati yake, khanga mpya, kidevu juu. Wajane wakubwa wakubwa wakasogea kumpisha. Nilimwona anavyokaa, nikasema moyoni kwamba huyu leo amefika kwake. Ndoa ikafuata, na nilipika tena. Sasa Minza ana mimba, na ulimi wake unataka nini? Machungwa. Majura akitaka kuyafuata kwao, bibi anamsimamia mlangoni mpaka aape kwamba atapanda kivuko, si mtumbwi.

Mimi nimebaki na kile kiti. Mto ule nimeuanika juu ya mawe jua kali kutwa nzima, jioni nikiurudisha umelowa. Masanja kabadilisha godoro la ndani ya mto, akabadilisha tena na kitambaa, bado. Wageni wanaojifanya hawasikii wakikaa hapo wanainuka na suruali zimelowa, wenzao wanawacheka. Sasa tumeuacha. Kila tukizima injini pale ghuba inapofunguka, natenga kichwa cha sato naweka kwenye sahani juu ya ule mto, natia na pilipili kidogo. Tukifika gatini sahani ina mifupa tu, imepangwa pembeni mmojammoja. Masanja anasema ni ndege. Mimi sijaona ndege wa kupanga mifupa, lakini sibishani na shemeji yangu.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza unatabasamu. Ukikodi boti yetu, au boti ya mtu yeyote kwenye ziwa hili, ukakuta mzee usiyemjua amekaa mahali pake, mwamkie, mpe anachotaka, na usimwulize ametoka upande gani. Na kama una mtu wako alitoka akasema narudi, hakurudi, watu wakaanza kukuletea maneno, wazibe midomo. Usiseme amekukimbia mpaka umwone kwa macho yako amekaa kwa mwingine. Huenda alikuwa ameshaona moshi wa jiko lako.